Tiketi Mbili za Harusi ya Aziza

Mliponiaga ofisini nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Mkaniomba pia niwaandikie namna ya kuwahudumia wageni wanaokwenda harusini nje ya nchi, maana mnasema wateja hao wanawashinda. Walinishinda hata mimi. Nimekaa hapa nyumbani Area D, Dodoma, wiki ya tatu sasa nikijaribu kuandika mwongozo, na kila nikianza najikuta nimerudi kwa familia moja ya Kondoa. Basi nitaandika kama inavyokuja. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa, hazina la kumfundisha mtu.

Nilianza kazi ya kukata tiketi za ndege miaka ile serikali ilipolegeza mambo ya biashara. Madukani redio zilikuwa zimejaa, mitumba imemwagwa kila kona, na watu ambao zamani walihitaji sababu nzito ya kutoka nchini sasa walikuwa wanakwenda Dubai kununua vitenge kama mtu anavyokwenda gulioni. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni, meza mbili, simu moja ya mezani, na kalenda ya ukutani tuliyopewa bure na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nilikuwa binti wa Kigogo kutoka Chamwino, nimemaliza kidato cha nne, ndege nimeiona ikipita juu tu. Siku ya kwanza mteja akaniuliza kama ndani ya ndege kuna choo. Nikamjibu kwa ujasiri wote kwamba hakuna, ajitayarishe kabla.

Mzee Salumu alisikia. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa mjini hasa, mababu zake walikuja na misafara ya wafanyabiashara wakalowea hapa, na yeye alikuwa amekata tiketi za treni miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Hakunicheka mbele ya mteja. Mteja alipotoka akasema, "Binti, neno 'ngoja nikuulizie' halijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Lijifunze hilo kwanza."

Tiketi tulikuwa tunaziandika kwa mkono, kitabu chenye nakala kadhaa na karatasi nyekundu ya kaboni nyuma ya kila ukurasa. Ulilazimika kukandamiza kalamu mpaka nakala ya mwisho isomeke, na ukikosea herufi moja ya jina, tiketi nzima imekufa. Jioni vidole vyangu vilikuwa vyekundu, na mama yangu alidhani nimeajiriwa buchani. Mzee Salumu alinifundisha kuandika jina kutoka kwenye pasipoti tu, kamwe si kutoka mdomoni mwa mtu, kwa sababu watu wetu wana jina la shule, jina la nyumbani, na jina la watoto wao, na yote wanayaitikia.

Wageni wa harusi alinifundisha kuwaogopa mapema. Mfanyabiashara akichelewa siku moja atanung'unika, kisha atanunua mzigo wake. Mgeni wa harusi akichelewa saa moja hana alichokwenda kufanya. Wanasafiri kwa kundi, na kundi lina bibi mmoja ambaye hana cheti chochote cha kuzaliwa. Kadi ya njano ya chanjo wanaikumbuka wiki ya safari, wakati sindano inahitaji siku kumi kabla ya kukubalika mpakani. Kisha kuna zawadi. Sijui ni nani aliyewaambia watu wa Kondoa kwamba asali haimwagiki. Nimeona debe la asali likifungwa kwa kanga mbili na kuwekwa juu ya suti ya bwana harusi. Waambieni asali iwe ya chupa, chupa iwe ndani ya mfuko, na mfuko uwe mbali na nguo ya mtu yeyote mnayempenda.

Mzee Salumu alikuwa na maswali matatu kwa kila mgeni wa sherehe: unakwenda kwa shughuli gani, wewe una kazi gani kwenye shughuli hiyo, na siku yake inahesabiwa na nani. Mawili ya kwanza niliyaelewa. La tatu niliona ni uzee. Siku ni siku, kalenda ipo ukutani.

Mzee Rajabu na mkewe, Bi Hadija, waliingia ofisini kwetu Ramadhani moja, kumi la mwisho likiwa limeanza. Nilikuwa na miaka kama mitano kazini, na nilikwishajiona mjuzi. Mzee alikuwa mkulima na mnunuzi wa ulezi huko Kondoa, mrefu, kanzu safi, mtu wa maneno machache. Maneno yalikuwa ya mkewe. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Aziza, aliyekuwa Dubai kwa shangazi yake mwenye duka la kushona. Sasa anaolewa huko huko, na fundi wa viyoyozi ambaye mama yake ni mzaliwa wa Unguja.

"Baba yake alikataa mwaka mzima," Bi Hadija aliniambia, mumewe akiwa amekaa hapo hapo. "Alitaka aolewe na mtoto wa kaka yake, Kondoa. Mtoto akaandika barua, baba hajibu. Akaandika tena, hajibu. Juzi ndiyo moyo umelainika. Amesema atakwenda mwenyewe akamwozeshe kwa mkono wake. Mwanangu Leah, hii siyo harusi tu. Hii ndiyo suluhu yao."

Nikamtazama Mzee. Akasema, "Nimekubali. Andika."

Kwa hiyo tangu mwanzo nilijua kilichokuwa kinasafiri. Aziza alikuwa amemwandikia mama yake kwamba asipomwona baba yake akiushika mkono wa bwana harusi na kutamka maneno ya kumwozesha, atajua hakusamehewa. Kadhi angeweza kusimama mahali pa baba aliye mbali, ndoa ingekuwa ndoa, lakini mtoto hakuwa anamwomba kadhi msamaha.

Faksi ya shangazi, iliyotoka kwenye duka la jirani yake, ilisema ndoa itafungwa Idi Pili baada ya swala ya alasiri. Niligeuka nikatazama kalenda yetu ya vifaa vya ujenzi. Idi Mosi Ijumaa, Idi Pili Jumamosi. Ndege za kwenda huko zilikuwa mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa asubuhi.

"Ijumaa mtafika siku moja kabla," nikawaambia. "Au Jumanne, mkafunge siku za mwisho kule."

Bi Hadija alitaka Jumanne. Mzee Rajabu akauliza tena siku za ndege, nikamrudia. Akasema, "Ijumaa. Nataka nimalize mfungo wangu katika nchi yangu." Niliona ni ombi la mtu mcha Mungu. Nikaandika tiketi mbili za Ijumaa, nikikandamiza kalamu vizuri mpaka nakala ya mwisho.

Nyote mnaofunga mmekwisha kuona. Mwezi hauandami nchi zote jioni moja. Kalenda ya ukutani inakisia tu, na hata yetu ilikuwa imeandika hivyo kwa herufi ndogo chini, ambazo mimi Mkristo wa Chamwino sikuwahi kuzisoma. Idi Pili ya shangazi ilihesabiwa kwa mwezi wa Dubai. Mzee Salumu angeuliza, lakini yeye alikuwa ameomba ruhusa ya siku kumi za mwisho, yuko msikitini kwenye itikafu, na mimi sikuona sababu ya kumfuata huko kwa tiketi mbili.

Walitoka Kondoa Jumanne, kwa basi lililolala Dodoma, na Jumatano wakapanda basi la Dar es Salaam. Alhamisi asubuhi simu ya ofisini ikalia. Alikuwa Bi Hadija, anapiga kutoka kwa ndugu zao Dar es Salaam.

"Dada Leah! Redio imesema Waarabu wamesali Idi leo! Leo!"

"Sisi je?"

"Sisi tunafunga! Mwezi haujaonekana! Maana yake Idi Pili yao ni kesho!"

Kesho alasiri ndoa inafungwa, na ndege yao itatua huko jua likikaribia kuzama. Nikamwambia atulie, jambo ambalo huwaambia wateja mtu asiye na la kuwaambia. Niliandika faksi kumwomba shangazi ndoa isogezwe Jumamosi, nikaituma mara nne. Duka la jirani lilikuwa limefungwa kwa Idi, mashine inaita tu. Nikamwomba opereta namba ya simu ya duka la kushona. Opereta akaniunganisha baada ya saa nzima, na huko nako ikaita bila mtu. Nikampigia Bi Hadija. Nikamwambia kwamba Mzee aende posta kuu kwenye vibanda vya simu, ana namba ya nyumbani kwa bwana harusi kwenye ile barua ya mwaliko, ambayo mimi sikubaki na nakala yake. Apige yeye mwenyewe, aseme neno moja tu, ningojeni.

Nilimsikia Bi Hadija akimfikishia. Nilimsikia na Mzee akijibu, sauti yake ya taratibu. "Wataningoja. Mimi ndiye baba."

"Piga, baba Aziza, nakuomba!"

"Nimesema wataningoja."

Wekeni nakala ya kila karatasi ya mteja. Hilo ni la kwenu, nilisema nitatoa ushauri. Tangu siku ile sijawahi kumrudishia mtu barua ya mwaliko bila kuinakili kwa mkono wangu, hata pale mashine ya fotokopi ilipokuwa haina wino.

Yaliyobaki niliyapata kwa Bi Hadija mwenyewe. Ndege ilichelewa kuondoka. Kule, watu walikuwa wamekaa tangu alasiri wakimsubiri baba wa bibi harusi, na kadhi alikuwa na ndoa nyingine tatu, siku ile kila mtu anaoa. Aziza aliomba angojwe. Walingoja, walingoja, mpaka watu wa upande wa bwana harusi wakaanza kuulizana kwa sauti kama huyo baba alikuwa na nia ya kuja. Hakuna simu, hakuna ujumbe. Mwisho Aziza akasema mwenyewe kutoka chumba cha wanawake, "Kadhi anioze. Baba yangu hakutaka." Wazee wake walipofika mlangoni walikuta wanawake wanaosha masufuria.

Walimwona kesho yake, kabla mumewe hajamchukua kwenda mji mwingine alikopata kazi. Alimbusu baba yake mkono kama inavyopasa, akamkumbatia mama yake akalia. Baba yake hakusema neno. Naye hakumwambia neno.

Waliporudi, Bi Hadija alisimama mbele ya meza yangu, wateja wanne wakimwangalia. "Ulikuwa na kalenda ukutani," alisema. "Hukuuliza hata mwezi. Mtoto wangu mmoja, Leah. Mmoja tu!" Mzee Rajabu alikuwa nje, amesimama kwenye jua, hakuingia. Mzee Salumu alirudi kazini baada ya sikukuu, nikamsimulia yote nikilia. Aliiondoa ile kalenda ukutani akaiweka kabatini. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Miaka ikapita. Bi Hadija alikuja mara mbili kuulizia safari nyingine, maana kibali cha kuingia kilihitaji barua ya mwenyeji. Hakuwa ananisalimia. Anasimama, anauliza, "Barua imekuja?" Nami najibu haijaja, mama. Aziza alikuwa anamwandikia mama yake kila sikukuu, na katika barua hizo hapakuwa na mstari hata mmoja wa baba, hata baada ya mama kumwandikia kwamba kosa lilikuwa la tiketi; aliona mama anamtetea mumewe tu. Nilikuwa nimejifunza kazi yangu vizuri mno kufikia hapo. Wageni wangu wa harusi walikuwa wanafika Nairobi, Lusaka, Muscat, kwa wakati, na kadi zao za njano na asali yao ya chupa. Kila kundi lililofika salama lilinikumbusha lile moja. Sikuwahi kuifurahia kazi hii tena kama zamani, na ninyi mliodhani nina roho ngumu kaunta, sasa mnajua.

Mwaka wa sita au wa saba nilipanda Kondoa kupeleka pasipoti za watu wanaokwenda kuhiji. Nilipomaliza nikaulizia kwa Mzee Rajabu. Nilimkuta peke yake ghalani, anashona gunia la ulezi kwa sindano kubwa, amekonda, anakohoa. Bi Hadija alikuwa shambani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetupandia kwa miguu?"

Nikapiga magoti palepale kwenye makapi ya ulezi. Nikamwambia nilikuja kukiri, kwamba kosa la harusi lilikuwa langu, sikuuliza mwezi, na kwamba kama anataka nitamwandikia Aziza mwenyewe nimweleze. Aliendelea kushona mpaka uzi ukamwishia.

"Leah," akasema, "mimi nimeanza kufunga kabla sijaota ndevu. Unadhani sikujua mwezi wa kule unaweza kututangulia?"

Sikumwelewa. Nikamwambia, "Ulijua?"

"Uliponitajia Jumanne na Ijumaa, nilijua. Nikasema moyoni, nichukue Ijumaa. Mwezi ukiwa mmoja, nitafika nimwozeshe, basi Mungu ametaka. Wao wakitangulia, hatakuwa ameozeshwa na mimi. Nilimtwisha Mungu kazi ambayo ilikuwa yangu."

"Na simu, mzee? Pale Dar es Salaam?"

Alitunga uzi mpya, akakosa tundu mara mbili. "Ningepiga, wangeningoja," akasema.

Nje kuku walikuwa wanagombania punje zilizomwagika. Nilitafuta ndani yangu ile nafuu ya mtu aliyebebeshwa kosa kisha akatuliwa, sikuiona. Nilihisi baridi tu. Kumbe yule mtoto alikuwa amemsoma baba yake sawasawa kutoka ng'ambo ya bahari.

"Hadija asijue," akasema. "Amebaki na mimi tu. Akijua, atakuwa hana mtu." Nikamwahidi. Nikamwomba basi amwandikie Aziza yeye mwenyewe, hata maneno mawili. Akasema ataandika mvua zikikatika, akimaliza kuvuna. Mvua zilikatika mara mbili kabla hajafa, na hakuandika.

Habari za msiba zililetwa ofisini na dereva wa basi. Nilikwenda. Aziza hakuwa amefika, na hakuna aliyetarajia afike. Niliingia upande wa wanawake, nikakaa ukingoni mwa mkeka karibu na viatu. Bi Hadija aliniona. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika, nikajua hajanisamehe. Siku ya pili yake, asubuhi, mtoto wa mwenye duka la jirani alikuja kusema kuna simu kutoka Dubai. Bi Hadija akainuka, akanyoosha kidole kwangu. "Na wewe twende."

Alizungumza na mwanawe akiwa ameegemea mifuko ya sukari. Walilia wote wawili, nilikuwa nasikia kilio cha huko kikitoka kwenye simu. Kisha akasema, "Ngoja. Yupo mtu hapa." Akanisukumia mkono wa simu kifuani. "Mwambie," akasema. "Mwambie kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyekosea siku. Mwambie baba yake alikuwa anakuja kwa moyo mmoja. Angalau hilo nipe."

Nilimtazama yule mama. Alikuwa amezika mume siku mbili zilizopita, na mume aliyemzika alikuwa ni yule aliyevaa kanzu safi kwenda kumsamehe mtoto wake. Ndiye pekee aliyekuwa amebaki naye. Ningewezaje kumzikia na huyo?

Nikasema kwenye simu, "Aziza, naitwa Leah. Mimi ndiye niliyewakatia tiketi wazazi wako. Nilikosea siku. Sikuuliza mwezi. Baba yako alikuwa anakuja kukuozesha, kosa lilikuwa langu peke yangu."

Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba nimempa mtoto kitu kizuri cha kushika.

Kisha akauliza, polepole kabisa, kama mteja anayeulizia saa za ndege. "Dada, miaka yote hii nimemnunia baba yangu, na ulikuwa unajua. Kwa nini hukuniambia akiwa hai?"

Bi Hadija alikuwa ananitazama, macho yamevimba, anasubiri kuona kama mwanawe ameamini. Niliitikia kwa kichwa kwamba ameamini. Kisha nikamrudishia simu.